Hukumu ya Baba Juu ya Skuli ya Mtaani

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa ilimu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Kila ufikapo mwezi wa Januari, baba mwenye mtoto aliyetimia miaka 6 huingiwa na fikira moja isiyompa usingizi, nayo ni: mtoto huyu apelekwe skuli gani? Karibu na nyumba ipo skuli ya serikali, ambayo ada yake haitozwi. Basi baba huketi barazani baada ya sala ya Isha akawauliza wenziwe khabari zake. Mmoja hujibu kwamba watoto hukaa chini. Wa pili husema walimu hawaingii darasani. Wa tatu husema mpwawe alisoma pale hata akatoka hajui kuandika jina lake. Baba huondoka amevunjika moyo, na kulipokucha huenda kukopa fedha ampeleke mwanawe skuli ya kulipa iliyo upande wa pili wa mji. Na katika watu wale watatu huenda hapana hata mmoja aliyelipita lango la skuli ile katika miaka 10.

SWALI

Je, yajuzu baba kuihukumu skuli kwa maneno ya barazani? Na akitaka kuihukumu kwa haki, atazame nini? Na akiiona ina upungufu, je, ana ruhusa kumtoa mwanawe humo, hali watoto wa jirani zake wabaki wasomao humo?

ASILI YA JAMBO

Na ijulikane kwanza kwamba mtoto ni amana. Mwenyezi Mungu amewaamrisha walioamini wajikinge wao na watu wa nyumbani mwao na adhabu ya Moto, kama ilivyo katika Sura At-Tahrim, aya ya 6; na wanavyuoni wamefahamu katika amri hiyo kwamba baba yamlazimu kuwafundisha watu wake na kuwatia adabu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amebainisha kwamba kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Imamu Nawawi ameeleza kwamba ni wajibu wa wazazi kuwafundisha watoto wao tohara na sala na saumu na mfano wa hayo. Na kwamba ujira wa mafundisho ya faradhi hutoka katika mali ya mtoto akiwa nayo, na asipokuwa nayo huwa juu ya yule ambaye nafaka ya mtoto yamlazimu.

Ama ilimu nyinginezo, kama hisabu na utabibu, Imamu Ghazali amezihisabu katika faradhi za kutoshelezana, ambazo wasipopatikana wenye kuzitimiza, watu wote wa mji huwa na dhambi. Naye amelalamika katika kitabu chake cha Ihya kwamba katika zama zake palikuwa na miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu, hali watu walikuwa wakisongamana katika ilimu ya khitilafu na mabishano. Na katika khabari za vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, imepokewa kwamba baadhi ya mateka waliokuwa hawana mali walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Na walimu wale walikuwa washirikina. Basi mtoto wa Kiislamu kujifunza kusoma na kuandika na kuhesabu kwa mwalimu asiyekuwa wa dini yake si jambo geni, maadam dini yake yahifadhiwa.

Wazee wa pwani waliziogopa skuli za Kizungu mwanzo wa karne ya 20, na wengine walikuwa na udhuru wa kweli, kwa kuwa nyingi katika skuli zile zilikuwa za misheni. Lakini wengine waliikataa hata skuli ya serikali isiyofundisha dini yo yote, nao hawajaiona. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 akafa mwaka 1947 naye ni Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza Waislamu katika magazeti yake, Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, waitafute ilimu ya zama bila ya kuiacha dini yao. Leo khofu imegeuka. Wengi hawaikimbii tena skuli ya serikali kwa kuiogopea dini. Huikimbia kwa kuogopa kuambiwa na watu kwamba wameshindwa kulipa.

HUKUMU YA KITU KISICHOONWA

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba haisihi kuuza wala kununua kitu ambacho wenye kufanya bei hawajakiona, hata kikisifiwa sana. Na sababu yake ni gharari, yaani khatari ya mtu kutoa chake kwa jambo asilolijua. Ikiwa sharia haikumridhia mtu kununua kiti kwa sifa alizosikia, basi vipi atauza miaka 6 ya umri wa mwanawe kwa khabari ya mtu wa barazani? Mali ikipotea huenda ikarudi. Umri wa mtoto ni rasilmali yake, na baba ni walii wake tu. Na walii hana ruhusa ya kutenda ila lenye maslaha kwa yule aliye chini yake.

Kisha mafakihi wamesema kwamba kila kitu huonwa kwa namna impasayo kitu hicho. Nyumba huonwa vyumba vyake na dari zake na kuta zake. Nguo ya nakshi hukunjuliwa ikatazamwa pande zote mbili. Chungu ya ngano yatosha kuonwa juu yake, kwa kuwa punje zake hazikhitilafiani, na ya juu yajulisha ya chini. Lakini chungu ya makomamanga au ya matikiti haitoshi kuonwa juu, kwa sababu hili si kama lile.

Na watoto wa skuli ni kama makomamanga. Wako wazazi waihukumuo skuli kwa wastani wa alama za mtihani, wakasema hii ni ya kwanza na hii ni ya mwisho. Na huko Kenya wengi wazitaja hata leo alama za mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023, nao hauko tena. Wastani ni juu ya chungu. Wamjulisha baba kidogo, lakini haumwambii mtoto mpole asiyesema darasani atatazamwa na nani, wala mtoto mzito wa kusoma atasaidiwa vipi. Tena skuli iwachaguayo watoto waliokwisha kujua kusoma, ikawarudisha wengine mlangoni, si ajabu ikipata alama nyingi. Na skuli ya serikali humpokea mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mchukuzi wa bandarini na yatima asiye na mtu wa kumsomesha usiku.

YANAYOPASA KUONWA

Basi namna ya kuiona skuli ni baba aende mwenyewe, kwa miguu yake, siku ya kazi isiyokuwa ya sherehe. Aende kwa adabu, abishe hodi kwa mwalimu mkuu, aeleze haja yake. Namna atakavyopokewa ni jambo la kwanza la kuliona, maana mlango uliofungwa mbele ya baba mwenye kuuliza kwa upole, yamkini utafungwa pia siku mtoto atakapopatwa na jambo.

La pili ni walimu. Aangalie saa ya somo: mwalimu yumo darasani au watoto wako peke yao? Asitosheke na darasa moja. Na asiwahukumu walimu kwa nguo zao wala kwa lafudhi yao ya Kiingereza. Awatazame wakifundisha. Mwalimu aliye na watoto 80 katika somo la dakika 30, lau angemgawia kila mtoto sehemu sawa, kila mmoja hapati hata nusu dakika. Basi la kutazama ni mwalimu huyo afanyaje na uchache huo: huzunguka baina ya watoto, huwaweka wajuao wawafunze wasiojua, au huandika ubaoni akawageuzia mgongo? Vyuo vya Kurani vya pwani viliijua shida hii tangu zamani, na dawa yake ilikuwa mwanafunzi mkubwa kumsikiliza mdogo, kisha kila mmoja kwenda na ubao wake mbele ya mwalimu asomeshwe peke yake.

La tatu ni kusoma kwenyewe. Baba na awatazame watoto wa mtaani wasomao darasa la 3 pale, awape kwa upole ukurasa wa kitabu cha darasa la 2 wamsomee. Hii ndiyo njia waliyoishika wapimaji wa Uwezo, walioanza Kenya mwaka 2009: walikwenda nyumba kwa nyumba wakawapa watoto hadithi ya kiwango cha darasa la 2, wakaona kwamba wengi wa darasa la 3 hawawezi kuisoma. Na walimuona mtoto asiyeweza katika skuli za kulipa pia. Asiombe mtoto mmoja tu, wala asimchague hodari; awaombe 5 au 6. Kisha atazame madaftari yao. Daftari lililosahihishwa, na kosa likaonyeshwa, na mtoto akalirudia sawa, ni ushahidi wa mwalimu aliyefanya kazi. Daftari lililopigwa alama za ndiyo kila ukurasa, hata penye makosa, ni ushahidi pia.

La nne ni maji na vyoo. Baadhi ya watu hulipuuza jambo hili, nalo kwa Mwislamu ni katika mambo ya kwanza. Mtoto huamrishwa sala akifika miaka 7, na sala haisihi bila ya tohara. Adhuhuri huingia Mombasa saa 6 mchana na dakika kadha. Basi mtoto akaaye skuli hata saa 9, naye hapati maji ya kustanji wala ya kutawadhia, atazoea kuipitisha sala, na mazoea ya utoto hayatoki upesi. Atazame kama vyoo vya watoto wa kike viko mbali na vya wa kiume na kama vina milango yenye komeo. Maana mtoto wa kike asiyepata stara hujizuia mchana kutwa, na akikua huacha kuja.

La tano ni dini. Katika mitaala ya Kenya limo somo la dini ya Kiislamu, lakini somo kuwamo kitabuni si sawa na kuwapo mwalimu wa kulifundisha. Baba aulize: nani alifundishaye? Ni mtu aliyelisoma, au amepewa kwa kuwa jina lake ni la Kiislamu? Na ikiwa hayupo, watoto wa Kiislamu huwekwa wapi saa ya somo la dini nyingine?

La sita ni namna ya kuadibu. Ibn Khaldun ameeleza katika Mukadima yake kwamba ukali wa kupita kiasi humdhuru mwanafunzi, khasa mdogo: humfundisha uwongo na hila, na kuonyesha asiyokuwa nayo moyoni kwa kuogopa mkono. Sheria ya Kenya imekataza watoto kupigwa skuli tangu mwaka 2001. Baba asikilize mwalimu awaitaje watoto, kwani ulimi wa matusi hupiga pasipo kuonekana alama. Na kwa insafu yasemwe kwamba kosa hili limo katika baadhi ya vyuo na madrasa pia, na mwenye kuilaumu skuli kwa bakora huku akaisifu bakora ya chuoni hajapima kwa mizani moja.

La saba ni njia na wakati, na hapa ndipo skuli ya mtaani ina fadhila ambayo wengi hawaihisabu. Mtoto asomaye mbali huamshwa usiku, akapandishwa gari saa 11 u nusu alfajiri, huenda hajasali. Na hurudi jioni amechoka, magharibi i karibu. Chuo atakwenda saa ngapi? Baba aliyempeleka mbali kwa kumtafutia ilimu huwa amemkatia ilimu iliyo faradhi. Asomaye karibu hurudi kwa miguu, akala, akapumzika, akenda chuoni, na mwalimu wake wa skuli na mwalimu wake wa chuo hukutana msikitini. Na kwa kuwa ujira wa mafundisho ya faradhi ni wajibu, ada ya chuo yatangulia kabla ya ada ya mapambo. Mwenye kulipa maelfu kwa sare ya tai na kofia, hali mwalimu wa chuo humdai miezi 4, amegeuza mpango.

AKISEMA MWENYE KUSEMA

Akisema mwenye kusema: Baba huyu hakusoma, ataijuaje skuli nzuri na mbaya? Huambiwa: Kipofu, katika madhehebu ya Shafii, hanunui mwenyewe kitu kinachopasa kuonwa, bali humweka wakili mwenye macho. Basi baba asiyejua kusoma na amchukue mtu amwaminiye, mwenye ilimu na asiye na haja yake mwenyewe katika jambo lile, waende pamoja. Na asimsahau mama wa mtoto, kwani mara nyingi yeye ndiye afunguaye daftari usiku. Na mtu aliyeombwa shauri ana ruhusa ya kutaja aibu za skuli, maana kumnasihi mwenye kutaka shauri ni katika sababu 6 ambazo Imamu Nawawi amezitaja kuwa huhalalisha kusema ya mtu nyuma yake. Lakini aseme aliyoyaona, kwa kadiri ya haja. Na asiyeona anyamaze.

Akisema: Skuli ya serikali ni bure, na kitu cha bure hakina thamani. Huambiwa: Si bure. Serikali ya Kenya iliondoa ada za msingi mwaka 2003, na Tanzania iliziondoa mwaka 2001 kisha mwaka 2016 ikaondoa na michango. Lakini mtu hulipa kwa kodi anunuapo sukari na mafuta. Kweli ni kwamba kilichotengwa ni kidogo. Kiwango cha Kenya kwa mtoto wa skuli ya msingi kimekuwa kwa miaka mingi shilingi 1,420 kwa mwaka, mbali na mishahara ya walimu. Ukizigawa kwa siku za mwaka hazifiki shilingi 4 kwa siku. Hazimnunulii mtoto kikombe cha chai. Basi upungufu wa chaki na vitabu usihisabiwe wote kuwa uvivu wa mwalimu.

Akisema: Jirani ana haki kubwa. Wenye uwezo wakiwatoa watoto wao wote, skuli itabaki na wanyonge, wala hapana atakayesema wala kusikilizwa. Je, si khiana kumtoa mtoto? Huambiwa: Neno hili lina uzito, na ndilo gumu kuliko yote. Lakini ni lazima kupambanua. Haki ya jirani iko juu ya baba, katika mali yake na wakati wake na ulimi wake. Haiko juu ya mtoto. Walii hana ruhusa ya kutoa sadaka mali ya yatima, hata kwa maskini. Vivyo hivyo baba hana ruhusa ya kuutoa sadaka umri wa mwanawe, akamwacha mahali asipojifunza kusoma, ili aonekane mwema kwa jirani. Wala hana ruhusa, amtoapo mtoto, kudhani kwamba haki ya jirani imemtoka pamoja na mtoto.

Basi hukumu yagawanyika sehemu tatu. Ikiwa skuli ya mtaani yatosheleza katika yale yaliyo lazima, hata kama kuta zake hazina rangi, basi kumweka mtoto humo ni bora. Na kukopa deni ili kuikimbia kwa ajili ya maneno ya watu ni israfu na ria. Ikiwa ina upungufu uwezao kuzibwa, kama uchache wa vitabu au kutokuwapo mwalimu wa dini, basi amweke mtoto, na upungufu auzibe nyumbani na chuoni, na ajitie katika halmashauri ya wazazi autengeneze. Na ikiwa mna madhara yasiyozibika, kama mtoto kulazimishwa ibada isiyokuwa yake, au mwili wake na heshima yake kutokuwa salama, au miaka kupita naye hajifunzi kitu, basi yamlazimu kumtoa akiweza. Kwani katika kanuni 5 walizozijengea mafakihi ilimu ya fiqhi, mojawapo ni kwamba madhara huondolewa. Lakini alifanye hilo kwa yakini ya jicho, si kwa shaka ya sikio.

Na baba aliyemtoa mwanawe, madhara aliyoyaona yangaliko, na mtoto wa jirani yumo ndani yake. Aliyeona choo kisicho na mlango na akaondoka na mtoto wake tu, ameona munkari akanyamaza. Na aende kwa mwalimu mkuu, aende kwa afisa wa ilimu, awaambie jirani wasiojua. Na wenye mali wa mtaa wakumbuke kwamba wazee wao waliweka wakfu visima na mabirika kwa wapita njia. Tangi la maji na mfereji katika skuli ya watoto 1,000 ni sadaka yenye kuendelea, na thawabu zake huandikwa kila mtoto atawadhapo.

KHATIMA

Imebaki jambo moja. Baba akiisha kuiona skuli, akaipima, akamweka mwanawe humo, asidhani kazi imekwisha. Mchunga hapeleki kundi malishoni asubuhi akalala hata magharibi. Kila muhula na arudi, alitazame daftari, amsalimu mwalimu kwa jina lake, amshukuru kwa jema aliloliona kabla ya kumtajia baya. Walimu ni watu, na mwalimu ajuaye kwamba baba wa mtoto huyu atakuja, humtazama mtoto huyu; na akija baba wa kila mtoto, huwatazama wote.

Mwenyezi Mungu awaongoze wazazi katika amana yao, awape watoto wa Waislamu ilimu yenye manufaa na amali yenye kukubaliwa, na awasamehe waliokosa kwa kutojua. Amin.